Jina Moja, Vimelea Tofauti: Utambuzi wa Kijenetiki wa Ugonjwa wa Kunyong'onyea kwa Minazi na Maana Yake kwa Mkulima wa Marui, Wilaya ya Kisarawe

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna utambuzi wa kijenetiki unavyotumika kubainisha bakteria wanaosababisha ugonjwa wa kunyong'onyea kwa minazi katika mwambao wa Tanzania, na kile ambacho utambuzi huo unaweza au hauwezi kumwambia mkulima. Mjadala umejengwa juu ya hali ya mkulima wa bara ya Mkoa wa Pwani, hususan Kata ya Marui wilayani Kisarawe na maeneo jirani ya Kibaha. Hoja kuu ni kwamba dalili zinazoonekana kwa macho zilificha kwa miaka mingi tofauti za msingi kati ya vimelea vya Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Karibiani. Kwa sababu hiyo, mbegu iliyosifiwa kwa ukinzani mahali pamoja ilipandwa mahali pengine bila kuwapo njia ya kujua kama ingekutana na adui yuleyule. Makala yanahitimisha kuwa utambuzi wa kijenetiki ni sharti la lazima katika uchaguzi wa mbegu, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya majaribio ya muda mrefu shambani.

1.0 Utangulizi

Tuchukulie kuwa mkulima wa Marui ana minazi 40 aliyoirithi kwa babu yake. Asubuhi moja anakuta chini ya mnazi mmoja vidaka, vitale na hata makoroma yaliyodondoka pasipo upepo. Baada ya majuma machache makuti ya chini yanageuka rangi. Jirani mmoja anamwambia ni ukame, mwingine anasema ni chonga, wa tatu anamshauri aukate mnazi huo mara moja kabla haujaambukiza mingine. Kila ushauri una gharama yake. Akiukata mnazi ambao ungepona, amepoteza mti ambao ungeweza kumzalia kwa miongo kadhaa. Akiuacha mnazi mgonjwa kweli, huenda ameacha chanzo cha maambukizi katikati ya shamba.

Uzito wa uamuzi huo hauwezi kupimwa kwa bei ya nazi peke yake. Katika desturi za pwani mti uliopandwa una mwenyewe. Huhesabiwa katika mirathi, huingia katika madai ya fidia, na mara nyingi ndio ushahidi kwamba familia fulani ililima mahali fulani. Kwa hiyo mtaalamu anayemtaka mkulima akate mnazi anadaiwa uthibitisho, na anayempa mche wa kupanda badala yake anadaiwa uthibitisho mkubwa zaidi.

Makala haya yanajibu maswali matatu ambayo mkulima huyo angeweza kuyauliza. Je, mnazi wangu una ugonjwa wa kunyong'onyea, au una tatizo jingine? Je, kimelea chake ni kilekile kilichoua minazi ya nchi nyingine? Na je, nipande nini? Maswali mawili ya kwanza yana majibu ya kijenetiki. La tatu linategemea jenetiki, lakini halimalizwi nayo.

2.0 Ugonjwa na Dalili Zake

Maandishi kuhusu ugonjwa wa minazi wenye dalili za aina hii nchini Tanzania yanarudi nyuma hadi mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani. Hata hivyo, uchunguzi wa kina ulianza baadaye sana, hasa baada ya kuanzishwa kwa Mpango wa Taifa wa Kuendeleza Minazi mwishoni mwa miaka ya 1970. Kazi za mpango huo zilirithiwa na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Mikocheni, Dar es Salaam, iliyopata hadhi ya taasisi mwaka 1996 na ambayo sasa ni kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Mwaka 1992 Schuiling na wenzake walichapisha mfululizo wa tafiti tatu kuhusu dalili, historia na mtawanyiko wa ugonjwa, na ukinzani wa minazi iliyoletwa kutoka nje. Tafiti hizo bado ni msingi wa mjadala wowote kuhusu ugonjwa huu nchini.

Kwa kawaida dalili hufuatana kwa mpangilio. Mnazi unaozaa huanza kwa kudondosha matunda ya umri wote. Kisha maua yaliyomo ndani ya karara ambalo halijapasuka hunyauka na kuwa meusi. Hufuata kubadilika rangi kwa makuti, kuanzia yale makuukuu ya chini na kupanda juu. Mwisho kuti changa la katikati huoza, kilele huanguka, na shina hubaki limesimama peke yake mithili ya nguzo ya simu. Hatua zote hizo hukamilika ndani ya miezi michache.

Tatizo ni kwamba hakuna dalili hata moja kati ya hizo iliyo ya ugonjwa huu pekee. Kudondoka kwa vidaka husababishwa pia na kunguni wa minazi, Pseudotheraptus wayi, mdudu aliyechunguzwa Zanzibar na M. J. Way katika miaka ya 1950. Huyu hufyonza matunda machanga na kuyaacha na makovu yenye utomvu, na wakulima wengi wanajua kuwa hapungui mpaka minazi itawaliwe na siafu wa majimoto. Chonga, Oryctes monoceros, hutoboa kilele na kuharibu makuti machanga. Akilifikia chipukizi, mnazi hufa. Ukame mkali hupunguza matunda na kukausha makuti ya chini. Radi inaweza kuua kundi la minazi kwa mara moja. Mnazi mchanga usiozaa nao huleta ugumu wa pekee, kwa kuwa hauna matunda ya kudondosha wala karara la kukaguliwa. Dalili mbili za mwanzo hazipo, na mtazamaji hubaki na rangi ya makuti tu.

Mtafiti mzoefu anaweza kupunguza makosa kwa kuziangalia dalili zote kwa pamoja na kwa mfuatano wake. Mnazi wenye karara lililonyauka kabla ya kupasuka, pamoja na matunda ya umri wote chini yake, si rahisi kudhaniwa kuwa umeliwa na kunguni. Lakini ushahidi huo hupatikana ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa. Mkulima anataka kujua mapema zaidi ya hapo.

3.0 Kimelea Kisichokubali Kuoteshwa

Kabla ya mwaka 1967, magonjwa ya mimea ya aina hii yalidhaniwa kuwa ya virusi. Mwaka huo Doi na wenzake nchini Japani walitumia hadubini ya elektroni na kuona, ndani ya mishipa ya mimea migonjwa ikiwamo miforosadi, viumbe vidogo vilivyofanana na bakteria wasio na ukuta wa seli. Kufikia mwaka 1972 viumbe wa namna hiyo walikuwa wameripotiwa katika minazi ya Karibiani yenye umanjano angamizi. Kwa upande wa Tanzania, Nienhaus na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu chanzo cha ugonjwa mwaka 1982. Jina la sasa, fitoplazma, lilianza kutumika mwaka 1994.

Fitoplazma ni bakteria, lakini ana sifa zinazomtofautisha na bakteria wengi wanaosababisha magonjwa ya mimea. Kwanza, hana ukuta wa seli. Kwa sababu hiyo penisilini, inayoshambulia ujenzi wa ukuta, haimdhuru, ilhali tetrasaiklini, inayozuia utengenezaji wa protini, humdhoofisha. Huko Florida, minazi iliyochomwa sindano ya oksitetrasaiklini ilipata nafuu, lakini matibabu yalihitaji kurudiwa kila baada ya miezi michache, jambo linalowezekana kwa mnazi wa bustani ya hoteli kuliko kwa shamba la Marui. Pili, huishi ndani ya floemu, yaani mishipa inayosafirisha chakula kutoka kwenye makuti, na husambazwa na wadudu wanaofyonza utomvu wa mishipa hiyo. Tatu, jenomu yake ni ndogo sana. Amepoteza jeni nyingi za kujitegemea na hutegemea seli za mmea au za mdudu kwa mahitaji yake mengi.

Sifa hiyo ya tatu ndiyo iliyowatesa watafiti. Bakteria wa kawaida huoteshwa katika sahani ya maabara, hutengwa, hupandikizwa katika mmea wenye afya, kisha hutafutwa tena. Fitoplazma wa minazi hawajaweza kupitishwa katika njia hiyo kwa ukamilifu. Hadubini ya elektroni huonyesha kuwa wapo, lakini kwa umbo wanafanana: fitoplazma wa Tanzania, wa Ghana na wa Jamaika wote ni vifuko vidogo vya duara au virefu. Anayetegemea hadubini anaweza kusema kwamba kimelea kipo, lakini hawezi kusema ni kipi. Njia iliyobaki ni kusoma DNA yake moja kwa moja kutoka katika mmea mgonjwa.

4.0 Hatua za Utambuzi wa Kijenetiki

4.1 Uchukuaji wa sampuli

Sampuli bora hutoka katika tishu zenye floemu nyingi, kama vile maua machanga ndani ya karara na sehemu ya chini ya makuti ambayo hayajafunguka. Kuzipata kwa ukamilifu kwaweza kumaanisha kuuangusha mnazi. Kwa hiyo watafiti wengi hutoboa shina kwa keekee na kukusanya unga wa mti unaotoka. Mnazi hubaki umesimama, na tundu huzibwa. Njia hii ina maana kubwa katika eneo kama Marui, kwa kuwa humwezesha mtafiti kupima mti bila kumtaka mwenyewe auage kwanza.

Tahadhari mbili ni za lazima. Keekee ioshwe na kuuliwa vijidudu kati ya mti na mti, ili DNA ya mnazi wa kwanza isihesabiwe kuwa ya mnazi wa pili. Pia zichukuliwe sampuli za minazi yenye afya kutoka eneo lisilo na ugonjwa. Bila sampuli linganishi, jibu lolote la maabara halina mizani ya kupimiwa.

4.2 Utoaji wa DNA na kuizidisha

Sampuli husagwa na kuchanganywa na kemikali zinazopasua seli na kuondoa protini na sukari. Kinachobaki ni DNA ya mnazi ikiwa na chembe kidogo sana ya DNA ya fitoplazma. Hapa ndipo hutumika mmenyuko mnyororo wa polimerasi, ambao maabara huuita PCR. Vipande viwili vifupi vya DNA, vinavyoitwa vianzishi, hubuniwa ili vishikamane na jeni ya kimelea tu. Kimeng'enya hunakili sehemu iliyo kati yake, kisha nakala hizo nazo hunakiliwa. Kwa kuwa idadi huongezeka maradufu katika kila mzunguko, mizunguko 30 inaweza, kinadharia, kutoa nakala zaidi ya bilioni 1 kutokana na molekuli moja.

Jeni inayolengwa kwa kawaida ni ile ya 16S ya ribosomu. Kila bakteria anayo, kwa kuwa hawezi kutengeneza protini bila ribosomu. Baadhi ya sehemu zake hazibadiliki kirahisi, hivyo hufaa kushikwa na vianzishi. Sehemu nyingine hubadilika taratibu kizazi hata kizazi, hivyo hufaa kupimia ukoo. Vianzishi vya jumla vinavyojulikana kama P1 na P7 huzidisha kipande chenye takribani besi 1,800, kinachojumuisha jeni hiyo na nafasi iliyo baada yake. Fitoplazma wakiwa wachache, zao la mzunguko huo hutumiwa kama malighafi ya mzunguko wa pili wenye vianzishi vya ndani zaidi, R16F2n na R16R2, vinavyotoa kipande cha takribani besi 1,250. Kwa minazi ya Tanzania, hatua muhimu ilipigwa mwaka 1993, pale Rohde, Kullaya, Mpunami na Becker walipochapisha njia ya PCR iliyolenga jeni ya 16S ya kimelea cha ugonjwa huu.

4.3 Kutoka kuwapo hadi utambulisho

Mstari unaong'aa katika jeli ya elektroforesisi humaanisha tu kuwa kitu fulani kimezidishwa. Ili kujua ni nini, kuna njia mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni kukikata kipande hicho kwa vimeng'enya vinavyotambua mpangilio maalumu wa besi. Kimeng'enya AluI, kwa mfano, hukata mahali palipo na AGCT. Kama herufi moja ya mpangilio huo imebadilika katika kimelea fulani, kimeng'enya hupita bila kukata, na vipande vinavyopatikana huwa na urefu tofauti. Mkusanyiko wa vipande hivyo ni kama alama ya kidole, na ndio msingi wa mgawanyo wa fitoplazma katika makundi yanayoandikwa kwa kiambishi 16Sr.

Njia ya pili ni kusoma mpangilio wote wa besi na kuulinganisha na mipangilio iliyohifadhiwa katika hazina za kimataifa. Kwa mujibu wa mwongozo wa mwaka 2004, fitoplazma aliyepungukiwa na mfanano wa asilimia 97.5 na wenzake katika jeni ya 16S angeweza kupewa jina la spishi ya muda, linalotanguliwa na neno Candidatus kwa kuwa kimelea hakijaoteshwa. Mwongozo uliorekebishwa mwaka 2022 ulipandisha kiwango hicho hadi asilimia 98.65. Katika kipande cha besi 1,200, badiliko hilo ni sawa na kushuka kutoka tofauti ya besi 30 hadi takribani 16. Msomaji anaona kuwa mpaka kati ya spishi na spishi ni makubaliano ya wataalamu, na unaweza kusogezwa. Kinachodumu ni mpangilio wenyewe wa besi.

5.0 Kilichobainika Katika Afrika Mashariki

Kabla ya kazi za kijenetiki, ugonjwa wa Tanzania ulihesabiwa kuwa wa jamii moja na umanjano angamizi wa Karibiani na Florida. Dalili zilifanana, hadubini ilionyesha viumbe vinavyofanana, na neno moja lilionekana kutosha. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 picha hiyo ilibadilika. Tymon, Jones na Harrison, katika makala zao za mwaka 1997 na 1998, walionyesha kuwa fitoplazma wa minazi ya Afrika wanatofautiana na wale wa Karibiani, na kwamba wale wa Afrika Mashariki na wa Afrika Magharibi nao wanatofautiana wao kwa wao.

Mwaka 1999 Mpunami na wenzake walichapisha ulinganisho wa fitoplazma wa Kenya, Tanzania na Msumbiji. Fitoplazma wa Kenya na Tanzania walikuwa karibu sawa. Wale wa Msumbiji, ambayo inapakana na Tanzania kwa Mto Ruvuma, walifanana zaidi na wale wa Afrika Magharibi. Matokeo hayo hayakutarajiwa na mtu aliyetazama ramani. Minazi ya Msumbiji na ya Tanzania inatazama bahari moja, lakini iliuawa na vimelea vya koo tofauti.

Katika mpangilio unaotumika sasa, kimelea cha Karibiani na Florida, 'Candidatus Phytoplasma palmae', kimo katika kundi 16SrIV-A. Kimelea cha Tanzania kimo katika 16SrIV-C, na katika maandishi ya kisayansi kilipendekezewa jina 'Candidatus Phytoplasma cocostanzaniae'. Kimelea cha Msumbiji kilielezwa rasmi na Harrison na wenzake mwaka 2014 kwa jina 'Candidatus Phytoplasma palmicola', katika kundi 16SrXXII-A. Ndugu yake wa karibu wa Ghana yumo katika 16SrXXII-B. Kwa hiyo majina matatu ya kijenetiki yalikuwa yamejificha nyuma ya jina moja la dalili.

Uchunguzi wa wadudu nao ulinufaika. Huko Florida, Howard na wenzake walionyesha mwaka 1983 kuwa mdudu anayeitwa sasa Haplaxius crudus anaweza kuambukiza minazi. Nchini Tanzania, Mpunami na wenzake (2000) waliwapima kwa PCR wadudu waliokusanywa katika minazi na kukuta DNA ya fitoplazma katika Diastrombus mkurangai, mdudu ambaye jina lake linabeba jina la Mkuranga, na katika Meenoplus. Waandishi hao waliwaita wadudu hao waenezaji wanaoelekea kuhusika, na tahadhari hiyo ina sababu. Mdudu aliyefyonza mnazi mgonjwa atakuwa na DNA ya kimelea tumboni hata kama hana uwezo wa kukipitisha kwa mnazi mwingine. Uthibitisho wa uenezaji unahitaji mdudu aambukize mti wenye afya chini ya uangalizi.

6.0 Maana Yake Katika Uchaguzi wa Mbegu

Hapa ndipo swali la tatu la mkulima linapoingia. Katika miaka ya 1970, Jamaika ilipambana na umanjano angamizi kwa kupanda minazi mifupi ya Malaya na chotara aliyetokana nayo na mnazi mrefu wa Panama, aliyejulikana kwa jina Maypan. Mafanikio ya mwanzo yalikuwa makubwa, na mbegu hizo zikapata sifa ya ukinzani duniani kote. Ilikuwa jambo la kawaida kwa nchi nyingine kudhani kuwa zikipanda minazi ya jamii hiyo zitapata kinga hiyohiyo.

Majaribio ya Tanzania yalitoa jibu tofauti. Schuiling, Mpunami, Kaiza na Harries (1992) waliripoti kuwa minazi iliyoletwa kutoka nje ilionyesha ukinzani mdogo dhidi ya ugonjwa wa Tanzania. Wakati jibu hilo linachapishwa, PCR ya mwaka 1993 ilikuwa bado, na mgawanyo wa makundi ya kijenetiki ulikuwa mbali zaidi. Shamba lilitangulia maabara: minazi ilikufa kwanza, na sababu moja inayoelekea kuwa ya kweli ikajulikana baadaye. Kama kimelea ni kingine, hakuna msingi wa kutarajia ukinzani uleule.

Hata hivyo, si sahihi kusema kuwa tofauti ya vimelea inaeleza kila kitu. Baadaye Maypan ilikufa kwa wingi hata Jamaika na Florida, ambako sifa yake ilianzia. Yapo maelezo kadhaa yanayoweza kusimama kwa pamoja: mbegu iliyopoteza usafi wake kwa uchavushaji usiodhibitiwa, mabadiliko ndani ya kimelea chenyewe, wingi wa wadudu waenezaji, na mazingira. Jenetiki ya kimelea hujibu sehemu moja ya fumbo hilo. Jenetiki ya mnazi, na ikolojia ya mdudu, hujibu sehemu nyingine.

Funzo kwa Marui ni la moja kwa moja. Mche unaotangazwa kuwa unastahimili ugonjwa uulizwe: umestahimili ugonjwa upi, wapi, na kwa miaka mingapi? Ushahidi kutoka Jamaika au Ghana unahusu vimelea vingine. Ushahidi wenye uzito ni ule wa minazi iliyobaki hai katika mashamba ya Mkoa wa Pwani yaliyopitiwa na 16SrIV-C, ikiwamo minazi mirefu ya Afrika Mashariki ambayo wenyeji wameipanda vizazi hata vizazi. Mnazi uliosalia katikati ya minazi iliyokufa unaweza kuwa na bahati tu, lakini unaweza pia kuwa na ukinzani. Kuutofautisha mmoja na mwingine kunahitaji watoto wake wapandwe na wafuatiliwe. Mkulima anayeukata kwa kudhani kuwa utafuata wenzake huenda anakata kile kile anachokihitaji.

7.0 Mipaka ya Utambuzi

Mtahini ana haki ya kuuliza ni wapi njia hii inakosea. Kuna makosa ya aina mbili. La kwanza ni jibu la hapana lisilo kweli. Fitoplazma hawatawanyiki sawasawa ndani ya mnazi, na mwanzoni mwa ugonjwa ni wachache. Keekee inaweza kupita mahali wasipokuwapo, au kemikali za mnazi zinaweza kuzuia kimeng'enya kufanya kazi. Hivyo jibu la hapana kutoka sampuli moja halitoshi kumpa mkulima hakikisho.

La pili ni jibu la ndiyo lisilo kweli. Vianzishi vya jumla kama P1 na P7 vinaweza kuzidisha DNA ya bakteria wengine waliomo katika sampuli, wakiwamo wa jenasi Bacillus. Aidha, PCR ya hatua mbili ni nyepesi kuchafuliwa, kwa kuwa tone dogo la zao la kwanza linatosha kuambukiza sampuli nyingine mezani. Ndiyo maana mtafiti makini hasimami kwenye mstari wa jeli. Husoma mpangilio wa besi, na mara nyingi huongeza jeni ya pili, kama secA, ili kuthibitisha.

Upo pia mpaka wa umbali. Kati ya shina la mnazi Marui na mashine ya PCR kuna safari, barafu, kemikali na umeme wa uhakika. Njia mpya zinazozidisha DNA kwa joto moja lisilobadilika, na kutoa jibu ndani ya muda mfupi kwa kifaa cha kubebeka, zimefungua uwezekano wa kupima shambani. Faida yake kwa wilaya kama Kisarawe na Kibaha ni dhahiri, mradi vianzishi vyake viwe vimejaribiwa dhidi ya kimelea cha hapa na si kile cha Karibiani peke yake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa dalili za ugonjwa wa kunyong'onyea kwa minazi hutambulisha hali ya mti, wakati DNA hutambulisha kimelea. Tofauti hiyo ilichelewa kujulikana, na kuchelewa kwake kuliambatana na matumaini makubwa juu ya mbegu ambazo hazikustahimili. Fitoplazma wa Tanzania na Kenya, wa Msumbiji, na wa Karibiani hawawezi tena kuzungumziwa kama kimelea kimoja.

Kwa mkulima wa Marui, majibu yanayoweza kutolewa kwa uaminifu ni haya. Mnazi unaodondosha vidaka usikatwe kwa dalili hiyo moja. Karara likaguliwe, makovu ya kunguni na matundu ya chonga yatafutwe, na inapowezekana shina litobolewe na kupimwa zaidi ya mara moja. Mnazi uliothibitika kuwa mgonjwa hauna tiba inayodumu, na kuuondoa ni uamuzi wenye msingi. Mbegu ya kuziba pengo itoke katika minazi iliyojaribiwa mbele ya kimelea cha mwambao huu. Na mnazi uliobaki peke yake katika shamba lililoteketea uachwe usimame, upimwe, na nazi zake zioteshwe kwanza.

Kwa watafiti, pengo linalobaki liko kati ya majibu ya maabara na orodha ya miche inayogawiwa kwa wakulima. Kila taarifa ya ukinzani wa mbegu ingepaswa kutaja kundi la kijenetiki la kimelea ambacho mbegu hiyo ilikabiliana nacho. Bila taarifa hiyo, mkulima anapewa mche ambao thamani yake haitajulikana mpaka ugonjwa uufikie.